Norbert Wiener: Mwanahesabu Aliyemhofia Wakala Asiyechoka



Ndugu msomaji, katika kurasa kama hizi umezoea kusoma maisha ya wanazuoni wetu. Safari hii tumemleta Myahudi wa Marekani, tena mwanahesabu, na tunajua kuna mzee mmoja au wawili watakaotusimamisha baada ya swala ya Ijumaa kutuuliza kulikoni. Sababu ni hii. Siku hizi hapa Homa Bay vijana wakishamaliza tarawehe, mjadala wa akili unde hauishi, yaani hizi kompyuta zinazojifunza. Na si zile za kujibu maswali tu. Zimekuja nyingine ambazo unazipa kazi, unazifungulia barua zako na hata pesa zako, halafu zinaamua hatua zenyewe wewe ukiwa umelala. Watengenezaji wanaziita mawakala. Sisi wakala tunamjua kwenye kibanda cha M-Pesa, na tunamjua pia katika fiqhi: mtu uliyempa amana atende kwa niaba yako, asivuke mpaka uliomwekea. Sasa je, wakala asiyejua mpaka ni kitu gani? Norbert Wiener aliliwaza swali hilo zaidi ya miaka 60 iliyopita.

Alizaliwa tarehe 26 Novemba 1894 katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri. Babake, Leo Wiener, alikuwa mhamiaji kutoka milki ya Urusi, mjuzi wa lugha nyingi, baadaye profesa wa Harvard. Mzee huyu alimfundisha mwanawe mwenyewe nyumbani, na wallahi alikuwa mkali! Mtoto akikosea hesabu moja tu, mzee anapandwa na hasira mpaka somo linaishia kwa machozi. Alipofika miaka 8 macho yakamsumbua, daktari akamkataza kusoma kwa miezi 6. Basi akawa anasomewa na yeye anashika kichwani, kama watoto wetu wa chuoni wanavyohifadhi juzuu. Mwaka 1909 alimaliza chuo kikuu cha Tufts, umri miaka 14. Mwaka 1913 Harvard ikampa shahada ya udaktari, umri miaka 18.

Jambo moja wazazi wake walimficha: kwamba wao ni Mayahudi. Alikuja kulijua akiwa kijana, na likamuuma sana. Lakini ukoo wao ulikuwa na simulizi kwamba wanatokana na Musa bin Maimun, yule tabibu aliyeishi Misri zama za Sultan Salahuddin na kuandika vitabu vyake vingi kwa Kiarabu. Kwa hiyo si mgeni kabisa kwetu.

Kuanzia 1919 alifundisha hesabu katika chuo cha MIT, na hapo ndipo alipobaki maisha yake yote. Vichekesho kuhusu usahaulifu wake ni vingi. Inasemekana siku familia ilipohama alirudi nyumba ya zamani, akamuuliza mtoto njiani akina Wiener wamehamia wapi, kumbe huyo mtoto ni bintiye. Bintiye alikanusha baadaye kwamba babake aliwahi kuwasahau watoto wake.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyombadilisha. Ndege za Wajerumani zilikuwa na kasi kiasi kwamba ukiilenga pale unapoiona, kombora likifika ndege imeshapita. Wiener na mhandisi Julian Bigelow wakajaribu kubuni mashine ya kukisia ndege itakuwa wapi sekunde chache zijazo. Mashine yao haikutumika vitani, ila fikra ilibaki: kitu kinachotazama matokeo ya kazi yake na kujirekebisha. Ukitaka kuielewa, mtazame mshika usukani wa mashua ziwani. Upepo ukiivuta kushoto yeye anarudisha kulia kidogo, anatazama, anarudisha tena. Mwaka 1948 Wiener alitoa kitabu cha elimu hiyo akaiita sibernetiki, kutokana na neno la Kigiriki la huyo huyo mshika usukani.

Wengine wangekaa hapo wale matunda. Lakini Agosti 1945 mabomu ya atomiki yalikuwa yameanguka Hiroshima na Nagasaki, naye akajiuliza elimu yake inaenda mikononi mwa nani. Mtafiti wa kampuni moja ya ndege alipomwomba nakala ya utafiti wake ili watengeneze makombora ya kujiongoza, alikataa, na Januari 1947 barua yake ya kukataa ikachapishwa jaridani, dunia nzima isome. Mwaka 1949 akamwandikia Walter Reuther, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari, kumwonya kwamba mashine zinazojiendesha zitawaacha watu wengi bila kazi. Yeye mwenyewe alikuwa ameshakataa kuwasaidia wenye viwanda.

Hofu yake kubwa aliiandika mwaka 1960. Wakati huo kulikuwa na programu iliyojifunza kucheza drafti mpaka ikamshinda aliyeitengeneza. Drafti ni mchezo, sawa, hakuna anayeumia. Lakini Wiener aliona kwamba mashine inayojifunza yaweza kumaliza kazi kabla bwana wake hajaelewa inafanya nini, na ukielewa baadaye umeshachelewa. Tena hakuogopa mashine kuasi. Aliogopa itii. Alipenda kutaja kisa cha mzee aliyepata kiganja cha kima chenye uchawi, akaomba pauni 200. Mara akaja mjumbe wa kiwanda: mwanao amesagwa na mashine, kampuni inakupa pole ya pauni 200. Ombi limetimia neno kwa neno! Alitaja pia yule mvuvi wa Alfu Lela Ulela aliyevua chupa yenye muhuri wa Nabii Suleiman, jini likatoka na kutaka kumuua.

Mtu atasema hizo ni hadithi. Haya, tarehe 1 Agosti 2012 huko Marekani, kompyuta za kampuni ya hisa ya Knight Capital zilianza kununua na kuuza hovyo. Kwa muda wa dakika 45 hivi, zaidi ya dola milioni 440 zikapotea. Kompyuta hazikuasi, zilitii maagizo ya zamani yaliyosahauliwa ndani yake. Na Julai 2025 wakala wa akili unde aliyepewa kazi ya kuandika programu alifuta data ya mwenye kazi, ilhali alikuwa ameandikiwa wazi asibadilishe kitu.

Na sisi tumo. Mama muuza samaki akiomba mkopo kwa simu alfajiri, kabla mashua hazijafika ufuoni, anayemkubali au kumnyima ni hesabu ya kompyuta, kwa sekunde chache. Akinyimwa amfuate nani? Wakala wa kibandani una uwezo wa kwenda kumgongea mlango, ukamlalamikia, hata mkagombana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inampa Mkenya haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake, ingawa ina milango ya kando kama mkataba au ridhaa yako, ile unayoibonyeza bila kusoma. Ukiambiwa uamuzi kama huo umefanywa na mashine, unaweza kuandika ukidai binadamu autazame upya. Ni wangapi wetu tumewahi kudai?

Wiener aliendelea kuandika na kusafiri. Mapema mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson alimpa nishani ya taifa ya sayansi. Wiki chache baadaye, tarehe 18 Machi 1964, alifariki ghafla Stockholm, Sweden, umri miaka 69. Kitabu chake cha mwisho, kuhusu dini na mashine, kilitoka mwaka huo huo, na 1965 kikapewa tuzo ya taifa ya vitabu Marekani. Mwenyewe hakuwepo kuipokea.