Bibi Tipper na Chuma Kilichoshindwa na Baridi

Kwetu Malindi na Kilifi, jahazi likivuja wa kwanza kutupiwa jicho ni fundi, na huenda ila ni ya ubao. Ndiyo maana hupenda kusimulia habari za Constance Tipper, bibi wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1894.

Alisoma Cambridge zama ambazo chuo hicho kiliwanyima wanawake shahada kamili, hadi 1948. Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi metali inavyopindika na kukatika.

Katika Vita Vikuu vya Pili, Marekani iliunda mbiombio zaidi ya meli 2,700 za Liberty, mabamba yakilehemiwa badala ya kupigwa ribiti. Baadhi zilipasuka, nyingine zikakatika vipande viwili. Wengi wakawalaumu waliolehemu.

Bibi Tipper akakitazama chuma chenyewe. Akathibitisha kwamba chuma kile, kinachopindika penye joto, huvunjika kama kigae baridi ikizidi kiasi. Kulehemu nako kulichangia, maana ufa haukukuta ukingo wa bamba wa kuuzuia. Lakini asili ya ila ilikuwa chuma. Pengine meli hiyo ingetia nanga Kilifi miaka na miaka, katika bahari yetu ya joto, isitoe siri yake!

Akabuni kipimo cha kujaribu chuma, kikaitwa kwa jina lake. Mwaka 1949 alipandishwa cheo, akawa mwanamke pekee katika walimu wa kudumu wa idara ya uhandisi pale Cambridge. Alistaafu 1960, akafariki 1995, umri wake miaka 101.