Maisha ya Askofu Edward Steere

Napenda kuwasimulia kwa ufupi maisha ya mtu aliyewasaidia wahubiri wa nchi yetu kutaja maneno ya Biblia kwa lugha inayosikika.

Edward Steere alizaliwa Uingereza mwaka 1828. Alisomea sheria, kisha akaiacha kazi hiyo akawa padre. Mwaka 1864 alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer, akashika kujifunza Kiswahili. Aliketi na wenyeji, wakamsimulia hadithi zao, naye akaziandika. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha hadithi hizo, na kingine cha kufundishia lugha. Alijua pia kazi ya kupiga chapa, akawafundisha vijana waliookolewa utumwani.

Kwa nini alijisumbua hivyo? Kwao Uingereza, mahubiri yalijengwa juu ya maneno ya Biblia. Lakini zamani wahubiri wengi wenye elimu waliyachanganya na Kilatini. Lancelot Andrewes, mmoja wa wakuu wa wafasiri wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, alifanya hivyo mbele ya Mfalme James. Wasomi walifurahi, asiyejua Kilatini alingoja afasiriwe.

Steere hakutaka msikilizaji angoje. Mkunazini, penye soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, alihubiri kwa Kiswahili, na hapo akajenga kanisa kubwa. Mwaka 1874 akawekwa kuwa askofu. Kazi ya kufasiri hakuiacha mpaka alipofariki Agosti 1882, akazikwa ndani ya kanisa hilo. Haikupita miaka 10, Biblia nzima ya Kiswahili ikawa imechapwa.

Huku kwetu Urambo njia ilikwisha kutengenezwa. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopeleka pembe pwani walirudi na Kiswahili vinywani. Wamisionari wa London walikaa kwa Mtemi Mirambo tangu mwaka 1879, na mwaka 1898 Wamoravian wakaipokea kazi yao.

Hata hivyo, mimi naona kazi ya Steere haijakwisha. Bibi yangu hasikii Kiswahili vizuri. Mhubiri akisoma aya, bibi hutazama chini. Akiieleza kwa Kinyamwezi, bibi huinua kichwa, na jioni hutusimulia yote nyumbani.

Basi, ndugu zangu, sisi tunasoma masomo yetu kwa Kiingereza. Tukirudi likizo na kuitwa kusema mbele ya wazee, wengine hupenda kutia maneno ya Kiingereza ili waonekane wamesoma. Wazee hupiga makofi, lakini huondoka mikono mitupu. Askofu Steere alikuwa msomi kutupita sote, naye alikubali kuketi chini afundishwe lugha ya wasikilizaji wake. Tumwige katika hilo.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne