Picasso: Mwanafunzi wa sanaa aliyeasi shule lakini hakutupa mafunzo yake

JINA la Pablo Picasso linapotajwa, wengi hukumbuka nyuso zenye macho mawili upande mmoja na pua iliyopinda, michoro ambayo mtazamaji asiyeizoea huenda akadhani ni kazi ya mtoto mdogo. Kutokana na michoro hiyo, imezuka dhana kwamba mchoraji huyo aliongozwa na kipawa cha kuzaliwa pekee, na kwamba hakuwahi kuhitaji mwalimu wala darasa.

Historia ya maisha yake yasema vingine. Kabla ya kutimiza umri wa miaka 17, Picasso alikuwa amepitia shule tatu za sanaa katika miji mitatu ya Uhispania. Ukaidi uliompa sifa duniani ulikuwa ukaidi wa mtu aliyezijua kanuni barabara kabla ya kuzivunja.

Alizaliwa Oktoba 25, 1881 mjini Málaga, kusini mwa nchi hiyo, akiwa kifungua mimba wa José Ruiz Blasco na María Picasso López. Babake alikuwa mchoraji na mwalimu wa kuchora. Alipenda sana kuchora njiwa, lakini kazi zake hazikumletea umaarufu wala mali. Hivyo basi, matumaini ambayo José hakuweza kuyatimiza mwenyewe aliyaelekeza kwa mwanawe.

Mnamo 1891 familia hiyo ilihamia A Coruña, mji wa pwani ya kaskazini magharibi, baada ya José kupata kazi katika shule ya sanaa ya huko. Mwaka uliofuata, mwanawe aliandikishwa katika shule iyo hiyo. Mvulana huyo hakuwa ametimiza hata miaka 11.

Mafunzo ya shule za sanaa za enzi hizo yalikuwa na utaratibu usiobadilika. Mwanafunzi alianza kwa kunakili mapambo kutoka katika karatasi zilizochapishwa. Alipofaulu, aliwekewa sanamu za plasta za viungo vya mwili, kama vile mkono, mguu au sikio, akazichora kwa mkaa huku akijifunza jinsi mwanga unavyoangukia kitu na jinsi kivuli kinavyokipa umbo. Baadaye alipewa sanamu nzima. Mwisho kabisa ndipo aliporuhusiwa kumchora mtu aliye hai.

Ilikuwa kazi ya kuchosha kwa mtoto, lakini wahenga walinena kwamba samaki mkunje angali mbichi. Michoro ya plasta aliyoifanya akiwa na umri wa miaka 12 na 13 imehifadhiwa hadi leo, na inadhihirisha mkono uliokwisha kukomaa. Hata hivyo, vitabu vyake vya masomo ya kawaida vinasimulia upande wake wa pili. Pambizo za kurasa zake zimejaa njiwa, fahali na vikaragosi vya watu.

Msiba uliifika familia hiyo Januari 1895. Dadake mdogo, Conchita, aliaga dunia kwa ugonjwa wa dondakoo akiwa na umri wa miaka saba. Picasso alikuja kusimulia ukubwani kwamba alimwekea Mungu nadhiri ya kuacha kuchora iwapo dadake angepona. Mtoto alifariki, na kakake akabaki na brashi mkononi. Inasemekana mzigo wa nadhiri hiyo haukumwondokea maishani.

Mwaka huo huo, José alibadilishana kazi na mwalimu aliyekuwa akifundisha katika shule ya sanaa ya Barcelona, iliyojulikana kama La Llotja kwa kuwa ilikuwa katika jengo la kale la soko la wafanyabiashara. Alimwombea mwanawe nafasi ya kufanya mtihani wa kuingia darasa la juu, ambalo wanafunzi wake walikuwa wakubwa kwake kwa miaka mingi.

Simulizi maarufu hudai kwamba mvulana huyo alimaliza kwa siku moja mtihani uliotengewa mwezi mzima. Michoro yenyewe ina tarehe mbili, Septemba 25 na Septemba 30, 1895. Hata tukiondoa chumvi, ukweli unabaki kwamba alikubaliwa akiwa na umri wa miaka 13.

Humo darasani alikutana na Manuel Pallarès, aliyemzidi umri kwa takriban miaka mitano. Urafiki wao ulidumu hadi uzeeni. Babake alimkodishia chumba cha kufanyia kazi karibu na nyumbani, akawa anapita mara kwa mara kukagua na kusahihisha. Hapo ndipo Picasso alipochora mwaka wa 1897 picha kubwa iitwayo Sayansi na Huruma, yenye upana wa karibu mita mbili na nusu. Inamwonyesha daktari akimpima mgonjwa mapigo ya moyo, huku mtawa akiwa upande wa pili amembeba mtoto. Aliyekaa ili achorwe kama daktari alikuwa José mwenyewe.

Picha hiyo ilitambuliwa katika maonyesho ya kitaifa mjini Madrid, kisha ikapata nishani ya dhahabu Málaga. Jamaa walichanga pesa, kijana akapelekwa Madrid katika Chuo cha Kifalme cha San Fernando, kilele cha elimu ya sanaa nchini humo. Kwa babake, safari ilikuwa imefika mahali pake. Kilichosalia kilikuwa vyeti, nishani na kazi yenye heshima.

Lakini mambo yaligeuka. Baada ya muda mfupi, Picasso aliacha kuhudhuria masomo. Alichoshwa na kurudishwa kwenye plasta zile zile alizokuwa amezimudu tangu utotoni. Badala yake alishinda katika jumba la makumbusho la Prado akinakili kazi za Velázquez, au mitaani na mikahawani akichora wapita njia. Habari zilipowafikia jamaa, ami yake aliyekuwa mfadhili mkuu alikata msaada. Kijana huyo wa miaka 16 aliishi kwa dhiki, na mwaka wa 1898 aliugua homa kali. Alipopata nafuu alienda kukaa kijijini Horta, nyumbani kwa akina Pallarès, ambako alijifunza maisha ya shambani na kuchora bila msimamizi.

Aliporejea Barcelona mnamo 1899, hakurudi shuleni. Pengo kati yake na babake lilizidi kupanuka. Miaka michache baadaye aliacha kutia jina la Ruiz kwenye kazi zake, akabaki na la mamake, Picasso. José alifariki mwaka wa 1913, wakati ambapo sanaa ya mwanawe ilikuwa imeachana kabisa na ile aliyomfundisha.

Paris, alikofika mara ya kwanza mwaka wa 1900, ilimfungulia darasa jingine. Mnamo 1907 alitazama vinyago vya Kiafrika katika jumba la makumbusho la Trocadéro, na athari yake ikajitokeza katika picha yake ya wanawake watano, Les Demoiselles d'Avignon. Wachongaji wa vinyago hivyo nao walikuwa wamefunzwa na mafundi waliowatangulia, kwa kanuni na subira. Tofauti ni kwamba wakusanyaji wa enzi ya ukoloni hawakujali kuandika majina yao, ilhali jina la Picasso lilienea kote duniani.

Hata hivyo, alichofunzwa utotoni hakikumtoka. Mwaka wa 1957, akiwa na umri wa miaka 75, aliirudia picha ya Velázquez aliyoiona Prado, Las Meninas, akaichora upya mara kadhaa kwa mtindo wake. Mnamo 1970 aliukabidhi mji wa Barcelona mamia ya kazi zake za awali zilizokuwa zimetunzwa na familia, ikiwemo ile ya daktari na mgonjwa. Alifariki Aprili 8, 1973 mjini Mougins, Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 91.

Hapa Kenya, ambako wanafunzi wa kwanza wa sekondari ya juu chini ya mtaala wa umilisi walianza masomo Januari 2026, Sanaa na Michezo ni mojawapo ya mikondo mitatu wanayochagua. Wapo wazazi wanaouona mkondo huo kama kimbilio la walioshindwa na hisabati, na wapo wanafunzi wanaodhani kipawa kitawatosha. Miaka ya Picasso shuleni haiungi mkono upande wowote. Alitokwa jasho kwa miaka mitano mbele ya sanamu za plasta kabla ya kupata ujasiri wa kuzipa kisogo, na mzazi aliyemwonyesha njia hiyo alilazimika hatimaye kumwacha aende zake.