MKWAWA HAKUANDIKA, WALIOMWINDA WALIANDIKA

Leo tumwongelee Mtwa Mkwawa wa Uhehe, ila siyo kwa kukariri mtihani tu. Nina hoja.

Baba yake, Munyigumba, alifariki mwaka 1879, na baada ya vurugu za kugombea utawala Mkwawa akakalia kiti. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, watu wake waliuvizia msafara wa Zelewski, kamanda wa Wajerumani, wakamuua yeye na askari wake wengi. Wajerumani wakarudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka. Jamaa hakusalimu amri! Aliwazungusha porini karibu miaka minne, mpaka tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi Mlambalasi ili asikamatwe hai. Wakamkata kichwa, fuvu likapelekwa Ujerumani.

Sasa nani aliyaandika hayo? Tom von Prince, ofisa aliyeongoza msako, aliandika kitabu. Mke wake Magdalene, aliyekaa naye Iringa, naye akatoa cha kwake mwaka 1903. Mkwawa hakuacha kitabu cha maisha yake. Ya Wahehe yalibaki vichwani mwa wazee, na wazee wanakufa.

Hata fuvu lenyewe, Gavana Twining alilichagua kule Bremen kwa kulinganisha vipimo na vya ndugu wa Mkwawa. Likarudi Kalenga mwaka 1954, na mpaka leo wapo wanaohoji kama kweli ni lake.

Halafu kuna sisi wa Mbeya. Babu yangu ni Msangu wa Mbarali. Kwake Mkwawa ni yule ambaye watu wake waliwasukuma Wasangu kutoka kwao, ndiyo maana Mtwa Merere akaungana na Wajerumani. Darasani sikuwahi kulisikia hilo. Nimemrekodi babu kwa simu, kisha nikanakili kwenye daftari.

Ushauri wangu: nenda kwa bibi au babu yako wiki hii. Muulize alizaliwa wapi, alihama kwa nini, nani alimlea. Kama hajui mwaka, andika tukio: njaa, nzige, uhuru. Usimsahihishe, andika anavyosema. Tukichelewa, atakayetusimulia ni yule aliyekuwa na kalamu, na huenda hakuwa upande wetu.

Naomba kuwasilisha. Mlio Iringa, wazee wenu wanasemaje?