Iver Johnson: Fundi aliyeifanya bastola ya bei nafuu iaminike

MIONGONI mwa mafundi wa silaha waliovuma nchini Marekani katika karne ya 19, ni wachache ambao majina yao yaliingia katika nyumba za watu wa kawaida kama lile la Iver Johnson.

Wakati wenye uwezo wakijivunia bastola za Colt na Smith & Wesson, kibarua, mkulima na mwenye duka dogo walinunua ya Johnson kwa kuwa bei yake haikuwashinda.

Hata hivyo, jina hilo limeandikwa pia katika kurasa za majonzi za historia ya taifa hilo. Rais William McKinley, aliyepigwa risasi mwaka 1901, na Seneta Robert Kennedy, aliyepigwa risasi mwaka 1968, wote waliuawa kwa bastola zilizotoka katika kampuni aliyoiasisi. Johnson mwenyewe hakuishi kuyashuhudia hayo.

Iver Johnson alizaliwa nchini Norway mwaka 1841. Akiwa kijana alijifunza ufundi wa bunduki mjini Bergen, kisha akafanya kazi hiyo katika mji mkuu, ambao leo unaitwa Oslo.

Mnamo 1863, wakati Marekani ikiteketea kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, alivuka bahari na kufanya makao mjini Worcester, jimbo la Massachusetts. Eneo hilo lilikuwa na viwanda vingi, na fundi aliyejua kutengeneza silaha hakukosa kazi.

Mwaka 1871 aliungana na mhamiaji mwenzake kutoka Norway, Martin Bye, wakaanzisha kampuni ya Johnson, Bye & Company. Walianza biashara hiyo wakati uliofaa mno.

Kwa miaka mingi, hataza moja iliyodhibitiwa na kampuni ya Smith & Wesson ilikuwa imewazuia mafundi wengine kutengeneza bastola za silinda zilizotumia risasi za maganda ya chuma. Muda wa hataza hiyo ulikwisha mwaka 1869, na mara karakana za majimbo ya kaskazini mashariki zikaanza kumwaga sokoni bastola ndogo za bei ya chini.

Mvuto wa bastola hizo haukuwa fumbo. Zilitosha mfukoni au katika mtoto wa meza. Miji ilikuwa ikipanuka, wageni walikuwa wakimiminika, na wengi waliamini kwamba wasingeweza kumngojea polisi mwizi anapovunja mlango. Maskini alikuwa na hofu sawa na tajiri, ila hakuwa na fedha sawa naye.

Lakini nyingi kati ya silaha hizo hazikuwa za kutegemewa. Chuma chake kilikuwa laini na springi zilikatika upesi. Baadhi ya silinda hazikukaa sawa na mtutu, hivyo risasi ilitoka kwa shida au ikaenda kombo.

Zaidi ya hayo, bastola za silinda za wakati huo kwa jumla zilikuwa na hatari moja kubwa. Nyundo ndogo ya nyuma, ambayo kazi yake ni kuipiga risasi ilipuke, ilikaa karibu kabisa na risasi yenyewe. Bastola ilipoanguka sakafuni na kuangukia nyundo hiyo, iliweza kufyatuka bila mtu kuigusa. Kwa sababu hiyo, watu waangalifu waliacha tundu moja la silinda bila risasi.

Johnson na Bye nao walitengeneza bastola za namna hiyo ya bei ya chini. Waliziuza kwa majina ya kibiashara kama vile Tycoon, Eagle na Favorite, na mnunuzi wa kawaida hakuwa na njia rahisi ya kumjua aliyeitengeneza silaha aliyoishika.

Mabadiliko yalikuja baada ya mwaka 1883, Johnson aliponunua hisa za mwenzake na kubaki na kampuni peke yake. Mwaka 1891 alihamia mji jirani wa Fitchburg, akaiita kampuni hiyo Iver Johnson's Arms & Cycle Works, kwa kuwa sasa ilitengeneza baiskeli pia. Bingwa wa mbio za baiskeli Major Taylor, Mmarekani mweusi aliyetikisa dunia mwishoni mwa karne hiyo, alipata kushindana akiendesha baiskeli ya Johnson.

Katikati ya miaka ya 1890, kiwanda hicho kilitoa bastola iliyolijenga jina lake. Iliitwa Safety Automatic, na kwenye mpini wake ilichorwa kichwa cha bundi.

Kwa Wazungu bundi ni alama ya hekima na macho yasiyolala. Msomaji wa Kiswahili, aliyelelewa akiambiwa kwamba ndege huyo akilia juu ya paa huleta kilio, huenda akaiona alama hiyo kwa jicho jingine.

Ubora wa bastola hiyo ulitokana na kipande kidogo cha chuma. Nyundo haikuweza kuifikia risasi moja kwa moja. Mtu alipovuta kifyatulio hadi mwisho, kipande hicho kilipanda na kukaa kati ya nyundo na pini ya kulipulia, kikapitisha pigo. Kifyatulio kisipovutwa, kipande kilibaki chini, na nyundo hata ikigongwa haikuwa na kitu cha kusukuma.

Hali kadhalika, bastola hiyo ilikunjuka kwa juu na kutupa nje maganda matupu yote kwa pamoja, ndiyo sababu ya kuitwa ya kujiendesha. Baadaye kampuni ilitoa matangazo yaliyomhimiza mnunuzi aigonge nyundo ya bastola kwa nyundo ya seremala bila hofu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini hiki kilikuwa kizuri na bado kikatembezwa.

Haikuwa bastola isiyo na dosari. Matoleo ya kwanza yaliundwa kwa baruti nyeusi ya zamani, na ni kuanzia mwaka 1909 ndipo yalipoimarishwa ili kuhimili baruti mpya yenye nguvu zaidi. Kufuli lake la juu pia halikuwa na uimara wa bastola nzito za kijeshi. Lakini kwa kazi ya mfukoni na bei yake, ilikuwa vigumu kupata iliyoipita.

Johnson hakuyafaidi matunda hayo kwa muda mrefu. Alifariki mwaka 1895 kwa ugonjwa wa kifua kikuu, akiwa na umri wa miaka 54, na wanawe wakairithi kampuni.

Miaka 6 baadaye, mwanzoni mwa Septemba 1901, kijana aliyewahi kuwa mfanyakazi wa kiwanda, Leon Czolgosz, aliingia dukani mjini Buffalo na kununua bastola ya Johnson kwa dola 4 na senti 50. Kiasi hicho hakikufika ujira wa wiki moja wa kibarua.

Mnamo Septemba 6 aliifunika kwa kitambaa, akapanga foleni pamoja na wananchi waliokuja kumwamkia Rais McKinley, na alipofika mbele yake akafyatua mara mbili. Bastola haikukwama. Rais alifariki Septemba 14, na Theodore Roosevelt akashika hatamu.

Mnamo Februari 1933, mjini Miami, Giuseppe Zangara alimlenga Franklin Roosevelt, aliyekuwa amechaguliwa kuwa rais lakini hajaapishwa. Bastola yake, iliyouzwa kwa chapa nyingine ya kampuni hiyo hiyo, alikuwa ameinunua kwa dola 8. Roosevelt alinusurika, lakini Meya wa Chicago, Anton Cermak, alijeruhiwa na kufariki mwezi uliofuata.

Naye Seneta Kennedy alipigwa risasi Juni 5, 1968, katika hoteli mjini Los Angeles na Sirhan Sirhan, aliyetumia bastola ndogo ya Iver Johnson yenye risasi 8. Alifariki siku iliyofuata.

Baada ya kifo hicho na kile cha Martin Luther King, Bunge la Marekani lilipitisha mwaka huo huo sheria iliyopiga marufuku kuuza bunduki kwa njia ya posta kutoka jimbo hadi jimbo, na kuzuia bastola nyingi ndogo na hafifu kuingizwa kutoka nje. Bastola za Johnson zilitengenezwa humo humo nchini, kwa hivyo kizuizi cha bidhaa za nje hakikuzigusa.

Sheria hiyo ilizua mabishano ambayo bado yanaendelea. Wapo wanaosema kwamba bastola rahisi ni hatari kwa kuwa ni mbovu na humfikia mhalifu kwa urahisi. Wengine hujibu kwamba kuifuta sokoni ni kumnyima maskini kinga ambayo tajiri anaimudu.

Maisha ya Johnson hayampi ushindi kamili yeyote kati yao. Alithibitisha kwamba cha bei nafuu si lazima kiwe kibovu, na kifaa chake cha usalama kiliwakinga wengi wasiuawe na bastola iliyoanguka. Lakini kifaa hicho kilizuia ajali tu, si dhamira ya aliyevuta kifyatulio.

Kampuni ya Iver Johnson ilifunga milango yake mwaka 1993. Wazo la kile kipande kidogo cha chuma, hata hivyo, lilichukuliwa na watengenezaji wengine, na hadi leo limo ndani ya bastola nyingi za silinda zinazouzwa Marekani.