Karl Terzaghi na Duka la Baba Mdogo

Najua kurasa hizi zimezoea maisha ya washairi na marais. Mimi leo nawaletea mtu aliyeshughulika na matope.

Nilimjua kwa sababu ya ugomvi. Baba yangu mdogo alijenga duka hapa Kisumu, karibu na ziwa, mahali palipokuwa kinamasi cha mafunjo kabla ya kujazwa moramu. Mwaka wa kwanza, shwari. Wa pili, ukuta wa nyuma ukapasuka na mlango ukakataa kufunga. Baba mdogo akasema ati fundi aliiba simiti, akamnyima salio lake. Sasa, huyo fundi ni babake rafiki yangu ambaye naketi naye dawati moja! Nikamwendea mwalimu wa fizikia, naye akanitajia Karl Terzaghi.

Terzaghi alizaliwa Prague tarehe 2 Oktoba 1883, akasomea uhandisi wa mitambo huko Graz, Austria. Alipoingia kazini aliona wahandisi wanajua chuma vizuri, lakini udongo wanaubahatisha tu. Mwaka 1916 akaenda kufundisha Istanbul. Vita vilipokwisha 1918 akapoteza kazi ile, akapata nyingine Robert College, mjini humo humo. Maabara hakuna. Akaunda vyombo kwa vitu vya kuokotaokota, akawa anaukandamiza udongo wa mfinyanzi siku nenda siku rudi, akipima unavyopungua.

Akagundua hivi. Udongo wa mfinyanzi uliojaa maji ukitwikwa mzigo, kwanza ni maji yanayoubeba. Vijitundu vyake ni vidogo mno, kwa hiyo maji hutoka polepole, na kadiri yanavyotoka ndivyo ardhi inavyotitia. Tena unene wa tabaka ukiwa maradufu, muda huwa mara 4: kama la mita 2 humaliza mwaka 1, la mita 4 litataka miaka 4. Kitabu chake kilitoka Vienna mwaka 1925.

Ndiyo maana wahandisi hurundika kifusi kizito kuliko jengo lenyewe, wakangoja miezi mingi, wakakiondoa, ndipo wajenge. Hata hivyo ardhi haiachi kabisa. Waliomfuata Terzaghi waliona kwamba maji yakishatoka, udongo huendelea kushuka kidogo kidogo: kiasi cha kati ya mwaka wa 1 na wa 10 hukaribiana na cha kati ya mwaka wa 10 na wa 100. Miaka 100, jamani!

Mwaka 1938 alihamia Marekani, akafundisha Harvard. Na hata Kenya tunamdai shukrani, kwani alishughulikia bwawa la Sasumua kule Kinangop, linalopeleka maji Nairobi. Vipimo vya kawaida viliutilia shaka udongo wake. Yeye akaeleza kuwa chembe zake zimeshikana vibonge, kwa hiyo una nguvu. Makala yake ilitoka London mwaka 1958. Alifariki Massachusetts tarehe 25 Oktoba 1963, wiki saba hivi kabla ya Uhuru wetu.

Nilipomweleza baba mdogo haya yote, alinyamaza kwa muda. Wiki mbili baadaye akamlipa fundi nusu ya salio. Nusu nyingine ameizuia, kwa kuwa fundi angemwambia angoje kwanza. Fundi anaapa kwamba alimwambia. Mimi na rafiki yangu tumechora alama ya penseli pande zote mbili za ufa, na kila mwisho wa mwezi tunaupima kwa rula.