Baron Empain: mjenga reli aliyelipwa kwa udongo wa Kongo

Mji wa Goma haujawahi kuwa na reli. Sementi, unga na mafuta huingia kwa malori au kwa boti za ziwa Kivu. Lakini reli za mbali, kule Kisangani, Kindu na Kalemie, ziliwahi kugusa mashamba ya Kivu, na mwenye kuzianzisha ni Mbeleji mmoja, Édouard Empain.

Alizaliwa mwaka 1852 huko Belœil, mtoto wa mwalimu wa shule. Alianza kazi kama mchoraji wa ramani za ujenzi katika kampuni ya vyuma. Mwaka 1881 akafungua benki yake, na hapo ndipo nguvu yake ilipotoka: pesa zake, reli zake, na tiketi zinamrudia yeye. Kampuni yake ilijenga metro ya Paris iliyofunguliwa mwaka 1900. Kule Cairo alijenga tramu, kisha akaanzisha mji mzima jangwani, Heliopolis.

Mfalme Léopold II alimhitaji kwa sababu ya maporomoko ya Lualaba yaliyokata safari za meli. Mwaka 1902 ikazaliwa kampuni ya CFL, yenye mtaji wa faranka milioni 25. Serikali ya mfalme iliwahakikishia wenye hisa faida ya asilimia 4 kila mwaka, hata treni ikikosa mizigo. Juu ya hapo CFL ilipewa hekta milioni 4 za ardhi pamoja na madini yake. Wenyeji wa ardhi hiyo hawakuulizwa.

Mpango wa kwanza ulikuwa kupitisha reli porini kutoka Kisangani, wakati huo Stanleyville, hadi Mahagi kwenye ziwa Albert. Uliachwa, kwa bahati mbaya ya Ituri. Reli zikawekwa tu pale ambapo meli haipiti: Kisangani hadi Ubundu kilomita 125, mwaka 1906, Kindu hadi Kongolo kilomita 355, kisha Kabalo hadi Kalemie kilomita 273, iliyofika mwaka 1915, katikati ya vita na Wajerumani wa ng'ambo ya Tanganyika.

Gunia moja la chumvi kutoka Kisangani kwenda Kalemie lilipanda treni, likashuka, likaingia melini, likarudi kwenye treni, tena meli, tena treni. Kila kituo kilidai mabega ya wapakiaji. Tena reli za Empain zilikuwa na upana wa mita 1, wakati zile za Katanga zilikuwa na mita 1 na milimita 67. Tofauti ndogo hiyo, isiyofika upana wa kiganja, ilitosha kuzuia behewa la Katanga. Katikati ya miaka ya 1950 ndipo reli za Kindu na Kalemie zilipanuliwa. Ile ya Ubundu ilibaki vilevile.

Mwaka 1907 Empain alipewa cheo cha baron. Mwaka 1928 iliundwa CNKi, kamati ya kusimamia ardhi ya Kivu, na CFL ikaingia ndani kwa nguvu ya haki zake za zamani. Kamati hiyo ndiyo iliyowagawia wakoloni wazungu mashamba ya kahawa.

Empain alikufa Julai 1929 karibu na Bruxelles. Alizikwa Heliopolis, ndani ya basilika aliyoijenga mwenyewe.